Mseto na Mizani: Kisa cha Maada Giza na Funzo Lake kwa Uhakiki wa Kiswahili

Utangulizi

Dalili ya mvua ni mawingu, walinena wahenga. Methali hii aghalabu hutumiwa kuonya, lakini ndani yake mna kanuni ya elimu: kisichoonekana hujulikana kwa athari zake juu ya kinachoonekana. Kanuni hiyo ndiyo ambayo imewaongoza wanafalaki kwa takribani karne moja katika kuichunguza maada giza, yaani ile sehemu ya ulimwengu isiyotoa mwanga wala kuuzuia. Kwa mujibu wa matokeo ya setilaiti ya Planck yaliyotolewa mwaka 2018, maada ya kawaida inayounda nyota, bahari na miili ya watu ni takribani asilimia 5 tu ya vyote vilivyomo ulimwenguni. Maada giza ni zaidi kidogo ya asilimia 26. Salio ni kile kinachoitwa nishati giza.

Huenda msomaji akauliza: haya yanamhusu nini mwanafunzi wa fasihi? Makala haya yanashikilia kwamba yanamhusu sana. Katika miaka ya 1990 wanafizikia kadha waliona kuwa aina moja ya maada giza haitoshi kueleza umbo la ulimwengu, wakachanganya aina mbili na kupata modeli mseto. Katika uhakiki wa Kiswahili pia, neno mseto limekuwa la kawaida. Mwanafunzi anapoona kuwa nadharia moja haimtoshi, huongeza ya pili na kuuita mkabala wake mseto. Tendo ni lile lile. Kilicho tofauti ni mizani. Hoja ya makala haya ni kwamba mseto wa nadharia una thamani pale tu ambapo kila kiungo kimepewa kazi yake, na mseto wenyewe umewekwa mahali ambapo unaweza kushindwa.

Kisichoonekana kinavyojulikana

Mwaka 1933 mwanafalaki Fritz Zwicky alichunguza kishada cha galaksi kiitwacho Coma. Aligundua kuwa galaksi za kishada hicho zinakwenda kasi kupita kiasi. Kama uzito wote wa kishada ungekuwa ule wa nyota zinazoonekana, uvutano wake usingetosha kuzizuia galaksi hizo, nazo zingalitawanyika zamani. Alihitimisha kwamba pana maada nyingine isiyoonekana, akaiita kwa Kijerumani jina lenye maana ya maada giza. Katika miaka ya 1970, Vera Rubin na Kent Ford walipima mzunguko wa nyota na gesi katika galaksi, wakaanza na galaksi ya Andromeda. Iliyotarajiwa ni kwamba nyota zilizo pembezoni zingezunguka polepole, kama sayari za mbali zinavyolizunguka jua. Haikuwa hivyo. Kasi ilibaki karibu ile ile hata mbali na kitovu, ishara kuwa galaksi imezungukwa na uzito usioonekana.

Kisa hiki kina uhusiano wa kweli na pwani ya Kenya. Tarehe 12 Desemba 1970, siku ya maadhimisho ya uhuru wa Kenya, setilaiti ya Marekani ilirushwa kutoka jukwaa la Waitaliano la San Marco lililo baharini karibu na Malindi. Kwa heshima ya siku hiyo ilipewa jina la Uhuru. Ilikuwa setilaiti ya kwanza kutengwa mahususi kwa falaki ya eksirei. Miongoni mwa iliyoyabaini ni kwamba vishada vya galaksi hutoa eksirei kutoka eneo pana, si kutoka galaksi moja moja. Leo inajulikana kuwa eksirei hizo hutoka katika gesi yenye joto la makumi ya mamilioni ya nyuzi, inayojaza nafasi baina ya galaksi. Gesi ya moto kiasi hicho ingetoroka kama isingezuiwa na uvutano mkubwa kuliko ule wa nyota na gesi yenyewe. Hivyo basi, chombo chenye jina la Kiswahili ni miongoni mwa mashahidi wa maada giza, na ushahidi wa aina hiyo, kama itakavyoonekana, ulikuja baadaye kuihukumu modeli mseto.

Moto na baridi

Baada ya kukubaliwa kuwa maada giza ipo, swali lililoibuka ni: imeundwa na nini? Mshukiwa wa kwanza alikuwa nyutrino. Chembe hii ilipendekezwa na Wolfgang Pauli mwaka 1930 na kugunduliwa katika maabara mwaka 1956. Jina lake ni la Kiitaliano, nalo lina kiambishi cha udogo mwishoni, sawa na ki- ya Kiswahili mwanzoni mwa kijitu au kijito. Maana yake ni kijichembe kisicho na chaji. Tangu Mlipuko Mkuu, nyutrino zimeujaza ulimwengu: zinakadiriwa kuwa zaidi ya 300 katika kila sentimita moja ya ujazo. Kwa wingi huo, hata kama kila moja ingekuwa na uzito mdogo mno, kwa jumla zingeweza kuuzidi uzito wa nyota zote. Mwaka 1980 watafiti wa Moscow walitangaza kuwa wamepima uzito wa nyutrino na kupata takribani elektronivolti 30. Ikumbukwe kuwa elektroni, ambayo yenyewe ni nyepesi, ina elektronivolti 511,000. Dai hilo halikuthibitishwa baadaye, lakini wakati huo liliamsha matumaini makubwa.

Nyutrino huitwa maada giza moto. Neno moto hapa lisimpotoshe msomaji. Halimaanishi kuungua bali kasi. Katika ulimwengu mchanga chembe hizi zilikwenda karibu na kasi ya mwanga, na kwa sababu hiyo hazikuweza kushikwa katika mikusanyiko midogo. Zilipita na kuisawazisha, kama upepo unavyosawazisha vichuguu vya mchanga ufuoni. Ni mikusanyiko mikubwa mno tu iliyosalimika. Kwa hiyo, katika ulimwengu wa maada moto, vitu vikubwa huumbika kwanza, katika umbo bapa ambalo wafuasi wa Yakov Zeldovich waliliita chapati, kisha chapati hizo hukatika na kuwa galaksi. Tatizo ni kwamba mbingu zinasema kinyume. Galaksi ni kongwe, ilhali vishada vikuu vya galaksi bado vinaendelea kuumbika. Mwaka 1983 Simon White, Carlos Frenk na Marc Davis waliuiga ulimwengu wa nyutrino kwa kompyuta, wakaonyesha kuwa mpangilio wa galaksi unaotokana nao haufanani na ulioonekana kwa darubini.

Mwaka uliofuata, George Blumenthal, Sandra Faber, Joel Primack na Martin Rees walichapisha hoja ya kina kuhusu maada giza baridi, yaani chembe ambazo bado hazijulikani, zenye mwendo wa taratibu. Katika ulimwengu wa namna hii vidogo huumbika kwanza, kisha huungana na kuwa vikubwa. Modeli hiyo ilitawala miaka ya 1980. Ilikuwa nyepesi, ilikuwa nzuri, na ilieleza mengi.

Kuzaliwa kwa mseto

Mwaka 1990 uchunguzi wa galaksi uitwao APM, uliohusisha galaksi zipatazo milioni mbili, ulionyesha kuwa galaksi hukusanyika katika masafa makubwa zaidi ya ilivyotabiriwa na modeli ya maada baridi. Mnamo Aprili 1992 setilaiti ya COBE ikatangaza kwamba mnururisho wa kale, mabaki ya Mlipuko Mkuu, una tofauti za halijoto za takribani sehemu 1 katika 100,000. Tofauti hizo ndizo mbegu za galaksi zote. Kwa mara ya kwanza ukubwa wa mbegu ulijulikana, na hapo modeli ya maada baridi ikanaswa. Mbegu zikikadiriwa kwa kipimo cha COBE, modeli hiyo huzalisha msongamano kupita kiasi katika masafa madogo: vishada vingi mno, na galaksi zenye mwendo wa kasi mno.

Ugonjwa wa maada baridi ulikuwa kuzidisha msongamano mdogo. Ugonjwa wa maada moto ulikuwa kuupunguza mno. Ndipo baadhi ya wataalamu wakajiuliza: je, ikiwa zote mbili zipo? Wazo hilo lilikuwa limetajwa tangu mwaka 1984, lakini baada ya COBE lilipata nguvu mpya. Mpishi wa mseto wa mchele na pojo anajua kuwa siri yake ni kadiri. Pojo likizidi, si mseto tena. Kadhalika hapa, kadiri ilitajwa waziwazi: nyutrino asilimia 20 hadi 30, maada ya kawaida chini ya asilimia 10, na sehemu iliyosalia, ambayo ni kubwa kuliko zote, maada baridi. Kila kiungo kilikuwa na kazi. Maada baridi ilijenga galaksi. Nyutrino zilipunguza msongamano wa masafa madogo bila kuyagusa masafa makubwa.

Jambo la kutiliwa mkazo ni hili: kutaja kadiri kulikuwa kujifunga. Ukisema nyutrino ni asilimia 30 ya ulimwengu, umesema papo hapo kwamba jumla ya uzito wa aina zake tatu ni takribani elektronivolti 7, ikiwa ulimwengu unatanuka kwa kasi iliyokisiwa na watetezi wa modeli hiyo. Dai la namna hiyo laweza kupelekwa maabara. Waliounda modeli mseto hawakujijengea ngome ya kujifichia. Walijenga nyumba yenye milango mingi, na kila mlango uliweza kumwingiza mpinzani.

Mizani

Mizani ya kwanza ilikuwa idadi ya vishada vya galaksi. Hapa modeli mseto ilifanya vyema kuliko maada baridi pekee, na furaha ya watetezi wake ilikuwa na msingi.

Mizani ya pili ilikuwa wakati. Nyutrino hupunguza msongamano, na kwa kuupunguza hukawiza kuumbika kwa galaksi. Mwanga wa kwasa, yaani viini vya galaksi za mbali vyenye mng'ao mkali, hupita katika mawingu mazito ya hidrojeni kabla ya kufika duniani, nayo mawingu huacha alama katika mwanga huo. Kwa kuzisoma alama hizo, wanafalaki waliweza kukadiria kiasi cha gesi iliyokwisha kukusanyika zamani, ulimwengu ulipokuwa bado mchanga. Mnamo 1994 na 1995 makundi kadha ya watafiti yaliyalinganisha makadirio hayo na modeli mseto. Ikadhihirika kuwa nyutrino zikiwa asilimia 30, galaksi huchelewa mno. Mawingu yaliyoonekana hayangeweza kuwapo. Watetezi hawakutafuta kisingizio. Walipunguza kadiri hadi asilimia 20, na mwaka 1995 Primack na wenzake wakapendekeza aina mbili za nyutrino zenye uzito wa takribani elektronivolti 2.4 kila moja. Mabadiliko hayo yalifanywa hadharani, pamoja na sababu zake.

Mizani ya tatu ndiyo iliyokuwa nzito. Modeli mseto ilichukulia kwamba ulimwengu una maada ya kutosha kufikia kile kiwango maalumu ambacho kwacho anga huwa bapa bila msaada wa kitu kingine. Mwaka 1993 Simon White na wenzake walikadiria kiasi cha gesi katika kishada cha Coma, gesi ile ile itoayo eksirei. Walipata kuwa sehemu ya maada ya kawaida katika kishada ni kubwa mno kuweza kuafikiana na dhana hiyo. Ama nadharia ya chanzo cha elementi nyepesi ilikuwa na kosa, ama ulimwengu una maada kidogo kuliko ilivyodhaniwa. Pia palikuwa na suala la umri. Mwaka 2001 mradi wa darubini ya Hubble ulitoa kasi ya kutanuka kwa ulimwengu kuwa takribani kilomita 72 kwa sekunde kwa kila megaparseki, ilhali modeli mseto ilihitaji takribani 50. Kwa kasi ya 72, ulimwengu uliojaa maada kwa kiwango kile ungekuwa na umri wa takribani miaka bilioni 9, mdogo kuliko nyota zake zilizo kongwe. Mtoto hawezi kumzidi mamaye umri.

Pigo la mwisho lilikuwa limekwisha kuja mwaka 1998. Makundi mawili yaliyochunguza nyota zinazolipuka, ziitwazo supanova, yalitangaza kuwa kutanuka kwa ulimwengu kunaongezeka kasi. Kazi hiyo ilituzwa Nobeli mwaka 2011. Kitu kingine kisicho maada kilikuwa kinachukua sehemu kubwa ya ulimwengu, na kazi iliyopewa nyutrino za elektronivolti kadha ikawa haina haja tena. Modeli mseto ya miaka ya 1990 ikaanguka.

Masalio ya kweli

Kisa kingeishia hapo, kingekuwa hadithi ya kushindwa tu. Lakini mwaka huo huo wa 1998, mwezi wa Juni, watafiti wa Super-Kamiokande nchini Japani, wanaotumia tangi la tani 50,000 za maji lililo chini ya mlima, walitangaza ushahidi kwamba nyutrino hubadilika kutoka aina moja hadi nyingine zikiwa safarini. Chembe isiyo na uzito kabisa haiwezi kubadilika hivyo. Kwa hiyo nyutrino zina uzito, na kwa vile zimejaza ulimwengu, sehemu fulani ya maada giza ni moto. Mseto upo kweli. Kilichokosewa ni kadiri.

Majaribio ya mabadiliko hayo yanaonyesha kuwa jumla ya uzito wa aina tatu haiwezi kupungua chini ya takribani elektronivolti 0.06, sawa na takribani nusu ya asilimia 1 ya maada yote. Upande wa juu umekuwa ukibanwa hatua kwa hatua. Matokeo ya Planck ya mwaka 2018, yakiunganishwa na vipimo vya galaksi, yaliweka kikomo cha 0.12. Jaribio la KATRIN nchini Ujerumani, linalopima uzito huo maabara bila kutegemea falaki, lilitangaza mwaka 2025 kuwa uzito wa nyutrino hauzidi elektronivolti 0.45. Mwaka huo huo mradi wa DESI ulioko Arizona uliunganisha ramani yake ya mamilioni ya galaksi na vipimo vya mnururisho wa kale, ukapata kikomo cha takribani 0.064 kwa jumla ya aina tatu, iwapo modeli iliyozoeleka ya ulimwengu ni sahihi.

Msomaji makini ataona kinachotokea. Dari limeteremka hadi karibu kugusa sakafu. Likiteremka zaidi, modeli iliyozoeleka itakuwa matatani, kwa kuwa maabara na mbingu zitakuwa zinapingana. Nishati giza ikichukuliwa kuwa inabadilika kadiri wakati unavyokwenda, kikomo hicho hulegea. Lakini kulegea huko nako ni dai, nalo litapimwa. Uwezo wa kupima kiasi kidogo hivyo unatokana na kanuni ile ile iliyobuni modeli mseto: nyutrino hupunguza msongamano, na kila asilimia 1 ya maada inayokuwa nyutrino hupunguza nguvu ya mikusanyiko midogo kwa takribani asilimia 8. Modeli ilianguka, mizani yake ikabaki ikitumika.

Mseto katika uhakiki wa Kiswahili

Sasa na igeukiwe hali ilivyo katika uhakiki. Sura ya nadharia katika tasnifu nyingi hufuata mkondo unaojulikana. Nadharia hutajwa, waasisi wake huorodheshwa, mihimili yake huhesabiwa, kisha huelezwa kuwa nadharia hiyo ina upungufu na kwa hiyo itaongezewa nyingine. Katika sura ya mwisho huandikwa kuwa nadharia zilizoteuliwa zilifaa. Ni nadra mno kusoma kuwa hazikufaa. Je, ni kwa sababu wanafunzi wa Kiswahili wamejaliwa kuteua nadharia sahihi kila mara? Au ni kwa sababu nadharia zenyewe hazikupewa nafasi ya kushindwa?

Mfano mmoja utasaidia. Riwaya ya Utengano ya Said Ahmed Mohamed (1980) husomwa mara nyingi kwa mtazamo wa ufeministi, na aghalabu huongezewa umaksi. Kila nadharia ina dai. Ufeministi, ukichukuliwa kwa ukali wake, unadai kuwa maangamizi ya Maimuna yanatokana na mfumo wa kuumeni unaowakilishwa na Maksuudi, baba yake. Umaksi, ukichukuliwa kwa ukali wake, unadai kuwa mateso hufuata tabaka. Hapo ndipo matini yapaswa kuachiwa izungumze. Ikiwa mateso hufuata tabaka, mbona binti wa tajiri ndiye anayeishia katika ukahaba? Ikiwa mkandamizaji ni mwanamume, Bi Farashuu awekwe wapi, mwanamke anayeshiriki kumtumbukiza Maimuna katika maangamizi ili amlipize Maksuudi kisasi?

Maswali haya hayazivunji nadharia hizo mara moja. Yanazilazimisha zifanye kazi. Huenda mhakiki akaonyesha kuwa mali ya Maksuudi ndiyo inayomfungia Maimuna ndani, na kwamba utawa wenyewe ni alama ya tabaka. Hapo umaksi utakuwa umeeleza jambo ambalo ufeministi pekee haukulieleza, na nafasi yake katika mseto itakuwa imelipiwa. Huenda akaonyesha kuwa kisasi cha Bi Farashuu kinazaliwa na dhuluma aliyoitenda Maksuudi, hivyo mkono wa mwanamke unaendeleza kazi ya mfumo ule ule. Au huenda akakiri kuwa nadharia zote mbili zinamwacha Bi Farashuu bila maelezo ya kutosha, na kwamba kuna kitu cha tatu. Lolote kati ya hayo ni maarifa. Lisilo maarifa ni kutaja mihimili mitano ya nadharia moja na mitano ya nyingine, kisha kuokota dondoo moja kwa kila mhimili na kuliruka lisilotoshea.

Wapo watakaopinga kuwa fasihi si fizikia. Watasema matini ina maana nyingi, kwamba hakuna elektronivolti za kupimia uchungu wa Maimuna, na kwamba kumtaka mhakiki afuate njia ya maabara ni kumnyang'anya uhuru wake. Pingamizi hili lina uzito. Ni kweli kuwa hakuna tarakimu itakayohitimisha mjadala wa riwaya, wala haifai itafutwe. Hata hivyo, wanaolitoa wanasahau kuwa mwanafalaki naye ana matini moja tu. Hawezi kuuanzisha ulimwengu upya ili aone kama galaksi zitaumbika namna nyingine. Alichonacho ni mwanga uliokwisha kutoka, alama zilizokwisha kuachwa, na kazi yake ni kuzisoma. Naye pia ni msomaji. Anachomzidi mhakiki mzembe si tarakimu. Ni desturi ya kusema mapema, kabla ya kusoma, ni kitu gani akikikuta atakubali kuwa amekosea.

Kadhalika, maana kuwa nyingi hakumaanishi kuwa kila maana inakubalika. Kama kila usomaji ungekuwa sahihi, kusingekuwa na haja ya semina wala ya msimamizi.

Hitimisho

Kisa cha modeli mseto kinapendekeza mambo matatu kwa wanafunzi na wahadhiri wa Kiswahili. Kwanza, kiungo cha pili kiongezwe kwa sababu kiungo cha kwanza kimeshindwa mahali panapotajwa, si kwa sababu nadharia mbili zinaonekana za kisomi kuliko moja. Pili, kila nadharia katika mseto itengewe kazi yake, na msomaji aweze kuona ni sehemu gani ya hoja ingeanguka kama nadharia hiyo ingeondolewa. Ikiwa haianguki sehemu yoyote, basi nadharia hiyo ni pambo. Tatu, sura ya nadharia iwe na ukurasa mmoja unaojibu swali hili: ni jambo gani katika matini likipatikana litaonyesha kuwa nadharia hii haitoshi? Na sura ya mwisho irudi kwenye ukurasa huo na kutoa jibu la kweli.

Pendekezo la tatu haliwezi kutekelezwa na mwanafunzi peke yake. Mwanafunzi anayeona katikati ya safari kuwa nadharia yake inapwaya ana njia mbili. Anaweza kusema kweli na kuhatarisha alama zake, au anaweza kunyamaza na kuandika kuwa nadharia ilifaa. Maadamu watahini watalihesabu kosa la nadharia kuwa kosa la mtafiti, wengi watanyamaza, na hakuna atakayewalaumu. Waliounda modeli mseto hawakuaibika ilipoanguka. Baadhi yao waliendelea kuwa miongoni mwa wataalamu wanaoheshimiwa zaidi katika uwanja wao, na hesabu zao zingali zinatumiwa kuipima nyutrino. Idara za Kiswahili zinaweza kuanza kwa hatua ndogo: kukubali, kwa maandishi katika mwongozo wa utafiti, kwamba tasnifu inayothibitisha kwa hoja kuwa nadharia yake haikutosha ni tasnifu iliyofaulu.